Siku Niliyoshika Antena Juu ya Ua wa Bi Time

Najua mshaisikia, mtaa mzima wa Kiponda umeisikia, lakini mmeisikia kwa mdomo wa Msellem muuza kahawa, na Msellem hakuwa juu ya paa, aliyekuwa juu ya paa ni mimi. Aibu ni yangu na naikubali yote, ila kwa kuwa ni yangu nataka niisimulie mwenyewe, bila ya chumvi zake.

Shangazi yangu Bi Salma ndiye anayenipa pa kulala kila nikirudi Unguja (maana mimi sikai mahali, nishakaa Muscat, nishakaa Mombasa, nishakaa Dar es Salaam, na kila nikirudi nakuta kitu nilichokipenda kimeng'olewa), na sebuleni kwake kulikuwa na televisheni ya zamani, ile ya sanduku la mbao yenye milango miwili inayofungwa kwa ufunguo. Safari hii nimefika nikakuta wanawe wamemletea ya ukutani, nyembamba kama sinia, na lile sanduku limesukumwa ukumbini likingoja watu wa chuma chakavu.

"Shangazi, hili huwezi kulitupa."

"Siwezi kwa nini? Linanilisha?"

Mnaocheka chekeni, lakini kumbukeni kwamba sisi tulikuwa na televisheni ya rangi wakati Bara hawana hata ya nyeusi na nyeupe. Tulikuwa tunakaa mkekani kabla vipindi havijaanza, tukitazama ile milia ya rangi na kusikiliza mlio wake mmoja usiokwisha, na hakuna aliyeona anapoteza wakati. Kisha Qurani, kisha mtangazaji na chombo chake cha maua ya plastiki akitusomea vipindi vya usiku ule kwa upole, kama anayesoma barua ya jamaa aliye mbali. Kisha vichekesho, vilivyochezwa mbele ya ukuta wa mbao uliotikisika kila mtu akifunga mlango, na sisi ukuta ukitikisika ndio tunazidi kucheka. Na siku moja darasa letu lilipelekwa studio kuimba kasida. Taa zilikuwa kali mpaka kofia zikalowa jasho, fundi katuchorea chaki sakafuni kila mtu na pake pa kusimama, tukaimba moja kwa moja hewani. Nyumba nzima iliniona isipokuwa mimi. Waliniona ndani ya sanduku lile, kwenye kioo kile kile, na hakuna mahali pengine duniani nilipowahi kuonekana. Sasa mtu aje alipige nyundo achukue shaba?

Shangazi alinitazama sana, halafu akasema, "Basi linipe picha. Leo, kabla sijavaa baibui langu nikatoka. Nikiona picha, linabaki. Nisipoona, kesho linakwenda."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Nikaazima king'amuzi na kile kidude cha kukiunganisha na luninga za zamani, nikatoka sokoni Darajani na antena ya mabomba ya aluminiamu begani. Pale barazani chini ya nyumba Msellem na wenziwe wakanipokea.

"Yakhe Haji, likiwaka lile sanduku la shangazi yako litasoma habari za mwaka gani?"

"Liulize kama mfalme wa Misri bado yuko," akadakia mwengine, na kicheko kikanifuata ngazi zote.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Kwetu Mji Mkongwe, nyumba zimebanana na nyua za watu ziko wazi juu, mwanamme akitaka kupanda paa hupiga kelele kwanza, "Jamani, napanda!", kisha husubiri kidogo wanawake wajistiri. Nimelelewa hivyo, sikuhitaji kufundishwa. Lakini nikipiga kelele, baraza lote litatoka kunitazama nnavyolifungia antena lile sanduku wanaloliona makumbusho, na nilikuwa nishachoka kuchekwa. Nikapanda kimya kimya. (Harusi ya kwa jirani yetu Bi Time nilikuwa naijua, ila nilidhani shughuli za wanawake ziko kwenye ukumbi wa kukodi, tena Ijumaa, siyo siku ile.)

Nikasimama ukingoni karibu na tangi la maji, nikaanza kuzungusha. Shangazi akawa anapaza sauti kutoka chini kupitia ngazini.

"Bado!... Bado!... Vipande vipande!... Hapo! Hapo hapo! Usitikisike!"

Nikaganda. Mikono juu, mabomba hewani, mguu mmoja kwenye ukingo. Nikaona raha ya ajabu, nikainamisha macho kidogo tu, na chini yangu palikuwa na ua wa Bi Time umejaa wanawake, na katikati yao bi harusi anapakwa singo, ule mchanganyiko wa manjano wa kumng'arisha ngozi, mabega wazi. Nikafumba macho hapo hapo. Nimeona rangi ya manjano tu, naapa.

"Mwanamme!" sauti moja ikapaa. "Mwanamme paani!"

Ulimi wangu, kwa adabu uliyozoea, ukatangulia akili. "Shikamoo, Bi Time!"

"Marahaba..." akaitika naye kwa mazoea, kisha akaruka. "Ebo! Unaniamkia kutoka juu? Shuka, mwanaizaya!"

"Siwezi, nikiachia picha inaondoka! Lakini nimefumba macho!"

"Aliyefumba macho kanijuaje?"

"Kwa sauti, Bi Time!"

Na shangazi, hajui lolote, anashangilia huko chini, "Rangi zote zimekuja! Kuna bwana anakaanga samaki!"

Ningeweza kuachia. Nyote mnaniambia hivyo. Lakini nilikuwa nishaonekana, aibu nishaipata, je na sanduku nilipoteze pia? Nikapaza sauti, "Shangazi, sema umeona picha!"

"Nimeona picha! Mbona kelele?"

Bi Time akapanda ngazi za kwao hadi dirisha linalotazamana na paa letu, na bakuli zima la singo likanipata usoni. Antena ikanitoka mikononi, ikaanguka uani juu ya sinia la haluwa, mlio wake ukafika barazani, na Msellem akaja na kundi lake mbio kukamata mwizi. Wakanikuta nateremka, manjano kichwa mpaka kifua, nanukia asumini na liwa.

"Jamani, mshikeni bi harusi!" akapiga kelele Msellem. "Anatoroka!"

Shangazi alikuwa mlangoni, baibui nusu mwilini. Nikamwambia, mbele ya wote, huku nnajifuta macho, "Umeona picha."

"Nimeona," akasema taratibu. "Na nimekula kiapo, linabaki. Wewe ndiye unayetoka."

Nikahamia Mpendae kwa binamu yangu, na harufu ya singo ikahamia nami. Bi Time nimemwomba radhi, haluwa nimelipa, antena nimemwachia shangazi, bi harusi kaolewa salama na nasikia ndiye anayecheka kuliko wote. Na nimeapa, sitopanda tena paa la mtu mpaka nimepiga kelele wakanisikia hadi mtaa wa Mlandege, wacheke watakavyo. Hapo nilikosa na sina la kujitetea. Ila anayengoja niseme sanduku lile halikustahili, angoje akiwa amekaa.

Juzi nilimpigia shangazi kumjulia hali.

"Nipigie baadaye," akasema. "Natazama."

"Unatazama ipi, Shangazi? Ya ukutani, au lile sanduku?"

Akakata simu.