Mbao Tulizozipikia Ugali

Kuna siku moja, mwanangu, inayonirudia kila ninaposikia harufu ya ubao unaoungua. Sijawahi kuisimulia kwa kupenda, maana hainipambi. Lakini nimeambiwa moto umelamba sakafu ya jikoni kwako, si moto mkubwa, na kwamba nyumba yako ina bima, na kwamba majirani wamekwisha kufika na ndoo na sabuni. Basi weka huo ufagio chini kwanza unisikilize. Vigae vilivyopasuka havitakimbia.

Ilikuwa ile miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka kwetu Mpimbwe, kwenye mpunga, nikaolewa hapa Mpanda na babu yako Dismasi, aliyekuwa akifanya kazi chini mgodini. Tulikaa na wazazi wake. Baba mkwe alikuwa karani wa stoo katika mgodi huo huo, mtu mrefu, mpole, asiyepoteza hata msumari. Nyumba yake aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na ilikuwa na kitu ambacho watu wa mtaa walikuja kukitazama makusudi: sakafu ya mbao za mninga, vyumba vyote.

Usidhani yalikuwa majivuno. Mama mkwe alikuwa na pumu. Katika nyumba yao ya zamani, ya sakafu ya udongo, vumbi lilimkaba akikohoa mpaka anashika ukuta. Baba mkwe alijinyima miaka mingi ili mke wake akanyage mbao, na tangu wahamie mama yule alikuwa analala usingizi kama watu wengine. Kwa hiyo ukitaja sakafu ile ulikuwa umetaja kifua cha mama mkwe.

Mzungu alipomwachia nyumba alimwachia na karatasi ya bima, akamshauri asiiache ife. Karatasi ilikaa ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati. Nililipangusa kopo lile kila Jumamosi na sikujua lina nini. Ningemuuliza nani? Zamani zile mke wa mwana hakuzungumza na baba mkwe. Akipita nilipisha njia na kuinamisha uso. Akitaka maji alimwambia mkewe, naye mkewe akaniambia mimi. Jina langu hakuwahi kulitamka hata mara moja. Ndiyo heshima tuliyoijua, siilaumu, ingawa huwa nasema heshima isiyo na mlango wa kuulizia ina hasara zake.

Siku hiyo wakwe zangu walikuwa wamekwenda Inyonga kwenye msiba wa ndugu yao, na Dismasi alikuwa zamu. Mimi nilikuwa napiga pasi chumbani kwa mama mkwe, kwa sababu meza ilikuwa humo. Pasi yenyewe ya mkaa, ile yenye jogoo wa kufungia mbele, na jogoo wetu alikuwa amelegea. Muuza asali akapiga hodi uani. Nikaiweka pasi chini karibu na dirisha, nikatoka nionje kidogo tu. Asali ya Inyonga haionjwi kidogo, wewe mwenyewe unajua.

Niliporudi chumba kilikuwa kimejaa moshi. Pasi ilikuwa imeanguka ubavu na makaa yametapakaa sakafuni. Nilimwaga maji ya pipa zima huku nikipiga mayowe. Mungu alinisaidia, moto ulizimika kabla haujafika kitandani. Lakini mbao tano zilikuwa zimeungua, na mbili kati yake zimetoboka kabisa.

Majirani walikuja mbio, mbele yao Mama Zuhura wa nyumba ya pili, mwanamke wa Karema ziwani, hodari wa mikono na wa maneno. Mtaani kwetu tulikuwa na desturi: moto ukiingia nyumba ya mtu, mwenye nyumba asikute alama yake. Kuacha masizi yaonekane tulikuhesabu ni kuualika moto urudi. Na kilichounguzwa nusu hupelekwa jikoni kikamalizike, kipikiwe chakula cha waliosaidia. Basi tukazing'oa zile mbao. Tukazichanja. Tukajaza shimo mawe na udongo wa kichuguu, tukakandika juu kwa samadi ya ng'ombe, tukalainisha kwa viganja mpaka pakang'aa. Nje sufuria ilikuwa motoni, na mninga unatoa moto mzuri, tukala ugali na dagaa tukicheka hofu yetu. Nikajiona mkamwana wa mfano.

Jua lilikuwa bado halijazama Dismasi alipofika. Alisimama mlangoni pa chumba cha mama yake akatazama chini.

"Mbao ziko wapi?"

"Tumezipikia," nikasema, na nilisema kwa furaha, mwanangu, nikingoja sifa.

Akakaa pale pale kizingitini. "Nyie mmefanya nini," akasema, wala hakupandisha sauti. "Baba ana karatasi ya bima. Sakafu ikiungua wanairudisha kama ilivyokuwa. Lakini hairuhusiwi kugusa kitu mpaka mtu wao aje aone kwa macho yake."

Nikatoka uani nikatazama majivu, bado ya moto, na sufuria imelazwa pembeni. Sakafu ya mama mkwe tulikuwa tumekwisha kuilia ugali. Nilishtuka kuliko nilivyoshtukia moto wenyewe, maana moto ulikuja wenyewe, na hili nilikuwa nimelifanya kwa mikono yangu huku nikisifiwa.

Wakwe walirudi baada ya siku mbili. Baba mkwe aliingia chumbani, akatazama udongo, akatazama mbao zilizobaki moja moja kama anavyotazama mali ya stoo, akatoka. Jioni mama mkwe akaniletea ujumbe wake: "Baba yako anasema pole, afadhali hukuungua." Basi. Akaandika barua kwa watu wa bima, wakajibu kwamba mtu wao atakuja kwa treni kutoka Tabora. Na mama mkwe akaanza kukohoa.

Mama Zuhura aliponiona nimekonda kwa mawazo alinivuta pembeni. "Moto si moto tu? Unguza mbao mbili hapo pembeni ya udongo. Mtu wa Tabora atajuaje ni moto wa lini?"

Nilimkemea. Lakini siku ya pili nikawa nasikia kile kikohozi ukutani, kikipanda na kushuka, na wanaume wote wako kazini. Mama mkwe alipokwenda kuota jua nikachukua makaa, nikayaweka juu ya mbao mbili nzima, nikasubiri, nikamwagia maji. Nilijiambia kwamba siibi, narudisha tu kilichokuwepo. Uongo hauji na pembe, mwanangu. Wa kwangu ulikuja na huruma, nikaufungulia mlango.

Mtu wa bima alikuwa Mhindi mfupi wa makamo, mwenye miwani na futi ya kukunja, anayesema Kiswahili cha Tabora vizuri kuliko mimi. Alipiga magoti pale penye udongo, akapapasa.

"Hapa sijaona moto, mzee," akamwambia baba mkwe. "Hapa nimeona usafi." Kisha akazigeukia zile mbao mbili, akafungua daftari. "Hizi ndizo ninazoziona. Nitaandika hizi mbili."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chai mkononi, na pumzi ikaanza kunirudia.

"Usiziandike," akasema baba mkwe.

Yule bwana akainua uso.

"Hizi hazikuungua siku ile. Niliporudi msibani nilizikuta nzima. Zimeunguzwa baadaye, humu humu ndani, na mtu aliyetaka kunisaidia."

Chai ilinimwagikia mguuni na sikuisikia. Mama mkwe aliweka kiganja mdomoni. Kumbe baba mkwe alijua tangu siku niliyoziunguza, alikuwa ananingoja niseme mwenyewe. Mtu wa bima akavua miwani, akauliza kama mzee anafahamu kwamba kwa jambo kama hili anaweza kufunga daftari akaondoka, na karatasi yake ikafutwa.

"Nafahamu," akasema. Ndipo akanigeukia mimi. "Veronika."

Mwaka mzima ndani ya nyumba ile, na ndiyo mara ya kwanza nasikia jina langu kinywani mwake. Niliinua uso bila kutaka, nikamtazama baba mkwe machoni mbele ya watu.

"Veronika, hakuna hata ubao mmoja uliobaki wa siku ile?"

Ndipo nikakumbuka kwamba siku tulipopika, Mama Zuhura aliomba ubao mmoja akazibie mlango wa banda la kuku. Nilikimbia bila viatu. Niliung'oa kuku wakiruka kila upande, nikarudi nao kifuani, umejaa mavi ya kuku, ncha moja imekuwa mkaa na misumari ya yule Mzungu bado imo. Nikapiga magoti nikauweka chini. Yule bwana akalinganisha misumari na ile ya ubao uliobaki kando, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Huu ndio moto wenyewe," akasema, na akaandika mmoja.

Ukaletwa mmoja, mwanangu, kwa treni. Mninga mpya, mzuri, umerandwa vizuri. Baba mkwe akaupigilia kando ya kitanda, pale mkewe anapoweka miguu akiamka. Kwingine kote tulikong'oa mbao kukabaki udongo, kwa sababu mbao za mninga wakati ule zilikuwa zikichukuliwa na mgodi na reli, na Dismasi alizipata moja moja kwa muda wa miaka mitatu. Miaka yote mitatu niliamka kabla ya mama mkwe nikanyunyiza maji kutuliza vumbi. Nilimsikia akikanyaga ubao, kisha akikanyaga udongo, kisha kikohozi. Hakunilaumu hata siku moja, na ningefurahi kama angenilaumu.

Baba mkwe alinikaripia mara moja tu, kesho yake baada ya mtu wa bima kuondoka. Aliliteremsha lile kopo la biskuti, akaketi, akaniita kwa jina tena. "Pasi inaweza kumwangukia mtu yeyote," akasema. "Lakini ulijua nina midomo, ungeniuliza nikujibu." Akanisomea ile karatasi yote, akinieleza kila neno kwa Kiswahili, mimi nimeinamisha uso na machozi yanadondoka kwenye mbao. Tangu hapo kopo likakaa rafu ya chini, ninapofikia.

Sasa nisikie. Moto ukizuka, toa watu, toa watoto, na ukizimika kaa chini usiguse kitu. Waambie majirani ahsante, na uwaambie wangoje; jirani mwema haudhiki kwa kungojeshwa. Itafute karatasi yako leo, na usipoielewa muulize anayeielewa, hata awe mtu unayemwonea haya, maana kuuliza si ujinga. Mtu wa bima akija, mwonyeshe kilichoungua kama kilivyoungua, kisipungue na kisiongezeke. Na kama umekwisha kufagia, usiunguze kingine. Sema nimefagia. Utapata kidogo, lakini kidogo hicho utakikanyaga bila kuinamisha uso.

Mungu akuzimie kila moto ungali cheche. Akupe majirani wenye ndoo, na akupe kifua kizima ndani ya nyumba yako. Na wale unaoishi nao walitaje jina lako siku za kawaida, wakikuomba chumvi, usije ukalisikia kwa mara ya kwanza siku ya aibu kama nilivyolisikia mimi.