Lefti Hakuna Mtu

Hii nikiisimulia hadi leo uso unaniwaka, maana mtu mzima hapendi kukiri ujinga wake, lakini acha niseme: nusura nimuue mume wa dada yangu kwa neno moja la Kizungu nililojidai nalijua.

Ilikuwa miaka ya sitini, nimetoka kwetu Kishapu kuikimbia pamba (jembe sikulipenda tangu utoto, nisiwadanganye), nikapata kibarua kwenye mgodi mdogo wa dhahabu huko Geita, na siku mkalimani alipoumwa tumbo, mzungu wa baruti akauliza kwa ishara nani anajua Kiingereza, mkono wangu ukawa wa kwanza kwenda juu. Kiingereza chenyewe kilikuwa cha gwaride la shule, lefti raiti, lefti raiti, yaani kushoto kulia, basi. Masanja, ndiye huyo mume wa dada, akaninong'oneza, "Shemeji, unakijua kweli?" Nikamwambia ashuke akachimbe, haya mambo ni ya waliosoma.

Sasa shimo letu huko chini lilikuwa na njia mbili, moja ya kushoto, moja ya kulia. Wakati wa kulipua ulipofika nikawaita watu watoke. Wa kushoto wakatoka wote, wa kulia wakatoka wakasema Masanja anakusanya sururu, anakuja. Mzungu akanigeukia, "Enibodi lefti?"

Nikajisemea, kumbe Kiingereza chepesi hivi! Nikajibu kifua mbele, "No sa. Lefti, nobodi."

Akasema, "Raiti," akampungia mkono mpiga baruti awashe utambi. Mimi nikadhani bado ananihoji, ameshamaliza kushoto sasa yuko kulia, nikamjibu kwa adabu zote, kidole nimekielekeza njia ya kulia, "Raiti, Masanja."

Jamani, sijawahi kuona mtu akibadilika rangi vile. Utambi ulikuwa umeshaanza kuungua, mzungu akaurukia akaukata kwa kisu, halafu akanifokea maneno ambayo kwenye gwaride hayamo. Mkalimani akaja mbio kashika tumbo, akamsikiliza mzungu, akanieleza mbele ya wote kwamba kwa ile lefti bwana mkubwa alikuwa anauliza kama kuna mtu aliyebaki, na ile raiti maana yake sawa, lipueni. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi, nikatapika.

Masanja akatoka na sururu zake begani, anapiga mluzi, anauliza kuna nini. Walipomwambia, wenzetu wakaanza kucheka (jina la Lefti nilipewa dakika ileile, na Geita nzima ikaniita hivyo), ila yeye hakucheka. Akaja akachuchumaa mbele yangu, akasema polepole, "Dada yako ana mimba ya miezi saba. Ungeenda kumwambiaje?"

Tangu siku ile mtu akiniuliza nisichokielewa, kwa lugha yoyote, mbele ya watu wowote, nasema sijui, na wanaotaka kucheka wacheke.