Gunia la Mchanga kwenye Buti

Siku yangu ya kwanza katika gereji ile ya Barabara ya Jogoo, fundi mkuu alinipa sepetu badala ya spana. "Jaza hiyo gunia mchanga, uweke kwa buti ya gari," akasema. Nikadhani ananidharau. Kumbe gari dogo la Kimarekani tulilouza lilisukumwa na magurudumu ya nyuma, na nyuma lilikuwa jepesi mno. Mvua ikinyesha, bila gunia lile halikutoka kwenye matope.

Toleo la kwanza lilikuwa na taa za mviringo, la pili za mraba. Chini yalikuwa ndugu: shafti ndefu ilipeleka nguvu ya injini hadi kwenye difu, lile bonge la gia kati ya magurudumu ya nyuma. Niliyafungua na kuyafunga miaka mingi, nikawa fundi mkuu. Wateja wa Buruburu waliniulizia mimi, si meneja, na sioni haya kusema nilifurahia.

Kisha likaja toleo la tatu. Meneja wa Huduma alirudi kutoka semina na kitabu cha mafundi, akakifungia kwenye droo.

"Meneja, nipatie nisome," nikamwomba.

"Ya nini, Njoroge? Gari ni ile ile. Wewe fanya servisi."

Niliona shafti haipo na injini imelazwa upande. Kuhusu mchanga sikufikiri, na hilo ni kosa langu. Mvua za masika zilipoanza, Bwana Mutiso, karani mmoja mpole, alileta gari lake jipya la toleo hilo. Nikamwekea gunia kwa mikono yangu.

"Sasa karani, hata milima ya Machakos utapanda."

Jioni ile gari lilishindwa na mwinuko, likarudi nyuma hadi mtaroni. Mke wa Mutiso, aliyekuwa ndani, akavunjika mkono. Toleo la tatu lilivutwa na magurudumu ya mbele, na mchanga wangu ulikuwa umeyainua, yakashindwa kushika barabara.

"Mzee, wakati wako umepita," meneja aliniambia mbele ya mafundi wote. Nikarudishwa kumwaga oili hadi nilipostaafu. Nilikwenda kumwomba Bwana Mutiso radhi. Alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha ndani. Hilo linaniuma kuliko cheo.

Siku ya kuniaga, meneja alinipa zawadi iliyofungwa vizuri. Ilikuwa kile kitabu, na toleo la tatu lilikuwa limeshaacha kuuzwa. Nilikifungua nyumbani Makadara. Onyo la kutokuweka uzito nyuma lilikuwa ukurasa wa nne, kwa herufi nzito. Ilinibidi nitumie kisu kuufikia, maana kurasa zilikuwa bado zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani.