Posa ya Malachie na Mwangaza wa Mbali

Malachie Kitsa ni déclarant mpakani Kasindi. Lori likiingia kutoka Uganda, yeye ndiye anayeandika mzigo ni nini na umetoka wapi. Akirudi nyumbani Mulekera, anasoma habari za nyota kwenye simu. Kila mtu ana wazimu wake.

Siku tulipokwenda Butembo kumposa Agar, mimi Kasika, binamu yake Malachie, ndimi niliyekuwa msemaji. Kwetu mwenye kuposa hukaa kimya. Kazi ya mdomo ni ya msemaji, nami naiweza. Lakini Mzee Manassé, baba yake Agar, mfanyabiashara wa vitambaa, aliniruka kabisa akamkazia macho Malachie.

“Badéclarant banadanganya. Kitambaa ya Chine, banaandika ya Uganda. Nitakupatia namna gani mutoto yangu?”

Nikafungua mdomo, Malachie akanitangulia. Nilitamani ardhi inimeze.

“Papa, kuko mwangaza ya mbinguni, banaiita sursaut gamma. Inawaka kidogo tu, inazimika. Miaka mingi bantu ba sayansi balibishana: inatoka karibu ao mbali? Kama ingetoka kwa nyota za kwetu, zenye zinajipanga mustari mbinguni, nayo ingejipanga njia moja, sawa lori za Kasindi. Mais inatokea kila upande. Kisha bakaona nyuma yake kunabakia mwangaza kidogo, na mu rangi yake banasoma urefu ya njia. Ni mbali sana, papa. Inatembea miaka miliare na miliare mbele ya kutufikia.”

“Na nani anaiwasha?”

“Ingine, nyota kubwa yenye inakufa. Ingine, nyota mbili zenye zilishakufa, zinagongana.”

“Donc zote unajua kwenye zinatoka?”

Hapo nilimkanyaga mguu. Mchumba mwenye akili angejibu ndiyo, tukanywa chai.

“Hapana, papa. Ingine hatujue. Yenye hatujue, tunasema hatujue.”

Nikaanza kutafuta kofia yangu. Nilikuwa na hasira naye, na huruma pia, maana alimpenda yule msichana kweli.

Mzee akacheka mpaka akapangusa macho.

“Miaka makumi mbili napitisha bitu Kasindi,” akasema. “Sijaona hata déclarant moja mwenye anasema hajue.” Akageukia mlango wa jikoni. “Agar, kuya usalimie bwana yako.”