Kifaranga wa Zambarau

Mtu akiniambia nina akili za kuku, siku hizi namshukuru. Nimeuza vifaranga wa siku moja kwa miaka mingi katika duka la dawa za mifugo, Runyenjes, na nakwambia kile kidude cha kutoshea kiganjani hakisahau. Kikidonoa kitu kichungu mara moja tu, kitatikisa kichwa, kipanguse mdomo chini, na hutakiona kikigusa kitu hicho tena. Hata mwenzake aliyesimama kando akitazama, naye hagusi. Hayo yote niliyajua, na bado nikafanya upumbavu.

Niliolewa Karurumo nikiwa na binti wa miaka minne. Mume wangu alimpokea vizuri. Mama mkwe hakumkataa kwa mdomo, ila alimpita tu kama kigoda. Tulipojaliwa msichana mwingine, tukampa jina la mama mkwe kama ilivyo desturi yetu, na huyo akawa mboni ya jicho lake. Pale nyumbani kila mjukuu alikuwa na kuku wake, aliyetolewa na cucu wao, yaani mama mkwe, na kufungwa uzi wa katani mguuni asichanganywe na wa wengine. Wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wapi! Binti yangu mkubwa hata hiyo kamba alinyimwa. Akafika miaka tisa akiwachotea maji kuku wa wenzake.

Kwa hivyo siku mama mkwe alipomwambia achague mmoja kati ya vifaranga kumi na mmoja walioanguliwa juzi yake, machozi yalinilenga. Mtoto alichukua muda mrefu kuchagua. Nikaomba uzi. Mama mkwe alikuwa ameketi uani akisuka kiondo. Akasema mguu bado ni mwembamba, uzi utaukata, akanisogezea kopo la rangi ya zambarau aliyokuwa akitia katani. Akaongeza kwamba rangi humfukuza mwewe. Ni kweli watu hupaka, lakini hupaka wote, tena siku ile ile ya kwanza. Mimi nikampaka mmoja, siku ya tatu, ndugu zake wakiwa wamekwisha kukariri wa kwao anafananaje. Furaha ilinipofusha, sina la kujitetea.

Tulimrudisha rangi ilipokauka. Wenzake wakaacha kula. Wakamtazama kwa jicho moja, wakageuza kichwa, wakamtazama kwa lile lingine. Kisha mmoja akaamua. Akamdonoa mgongoni, damu ikachirizika, na kifaranga akiona doa jekundu hawezi kuliacha. Wakamvamia wote. Mama yao naye akamgonga kichwani. Nilipovuka ua kumnyakua, jicho moja lilikuwa limekwisha kutolewa. Alifia kwenye sketi ya mwanangu, na ile zambarau haikutoka hata tulipoifua.

Mama mkwe hakuinuka. Amefuga kuku tangu kabla sijazaliwa, alijua vizuri kitakachotokea. Alikaza katani yake, akamwambia mwanangu kwa upole kabisa:

“Umeona? Hata hawa wadogo wanamjua asiye wao.”

Nilimchukia. Namchukia hadi leo, na Jumapili tunakaa benchi moja kanisani. Lakini siku ile sikumjibu neno, nikachukua jembe nikaenda kumfukia kifaranga nyuma ya migomba. Mwanangu aliniona nikinyamaza, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kila jioni mama mkwe alikuwa akimletea yule mdogo ndizi mbivu. Jioni hiyo alileta mbili. Sijui kama dhamiri ilimsuta au alitaka tu kuona atafanyiwa nini. Akampa wake, kisha akamnyooshea wangu ya pili. Mwanangu alirudisha mikono mgongoni.

“Asante, nimeshiba,” akasema.

Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Yule mdogo, miaka minne tu, alikuwa amesimama mlangoni mchana kutwa akiyaona yote, na hakuna aliyemjali. Sasa akamtazama dada yake. Akaitazama ndizi aliyokuwa amekwisha kuimenya. Akaiweka kwenye mapaja ya cucu wake, akaenda kusimama karibu na dada yake.

Mama mkwe alimwita mara tatu, kwa lile jina lao wote wawili. Mwaka wa tatu huu, mtoto huyo hajala kitu kutoka mkono ule.