Sintesaiza Isiyo na Jicho

Kakangu alisema ninunue kinanda. Alisema asubuhi, akarudia mchana dukani, kisha akamtuma mama aniambie tena, kana kwamba neno likipita midomo mingi linazidi akili. Alikusudia kile kinanda chenye midundo yake tayari: unabonyeza hapa kinapiga rumba, unabonyeza pale kinapiga chakacha, wewe kazi yako kukaa na kutabasamu. Nilimwambia kitu kinachojipiga chenyewe hakinihitaji mimi, basi akinunue yeye akiweke kwenye kochi lake.

Mimi nilitaka sintesaiza. Mashine ndogo ya kuweka mezani, yenye funguo chache na vifungo vingi vya kuzungusha, ambayo ukiiwasha haina wimbo wowote tumboni. Inatoa mlio mmoja mkavu, na mlio huo unauchonga wewe mpaka uwe zumari, au filimbi, au kitu ambacho hakijapata jina. Muziki wenyewe nilikuwa nautengeneza miaka mingi kwenye laptopu, hapahapa Amu, mji wa Lamu, chumba cha juu nyumbani kwetu, nikishatoka dukani kwa kakangu ninakotoa kopi na kuwachapia watu barua. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kuniambia sijui ninachokitaka. Shida yangu ilikuwa mlango.

Harusini kwetu, siku ya kumtoa bibi harusi, wanawake hujifungia peke yao. Buibui zinavuliwa, nywele zinaonekana, mikono imejaa hina, na mwanamume hapiti hata kwa kupotea ndia. Lakini siku hizi anayeogopwa zaidi ni simu. Basi mlangoni hukaa khalati yangu, dada mkubwa wa mama, na kapu la ukindu miguuni, na kila simu huingia kapuni. Hana cha ndugu wala rafiki. Nimemwona akimsimamisha mke wa mkubwa mmoja wa serikali mpaka akaitoa simu ya pili kifuani.

Na ana haki. Kuna msichana wa upande wa Kizingitini ambaye picha yake akicheza ilifika Mombasa na Dubai kabla hina haijamtoka mikononi. Alijifungia ndani miezi, asitake hata kwenda msibani. Atakayeniambia khalati yangu amepitwa na wakati, mimi na yeye tutakosana.

Mwaka jana binamu yangu aliolewa. Nilimtungia nyimbo, nikaenda na laptopu yangu, kamera yake nimeibandika plasta mbili za jeraha, moja juu ya nyingine. Khalati aliitazama ile plasta muda mrefu.

“Plasta hubanduka, mwanangu,” akasema.

“Nitakaa nayo mwenyewe, khalati. Haitatoka mkononi mwangu.”

“Weye nakuamini. Hiyo siiamini. Ina jito.”

Jito ndivyo tunavyoita jicho sisi Waamu. Laptopu haikuenea kapuni, kwa hiyo aliiweka chini ya mto wake, akaikalia. Nyimbo zangu zikapelekwa kwa flashi kwa dijei, kijana aliyekaa uchochoroni nyuma ya ukuta na mitambo yake, spika tu ndizo zilizoingizwa ndani.

Sasa nisikilizeni. Wanawake walikuwa ndio kwanza wameshika duara. Bibi mmoja mzee, jirani yetu, alikuwa ameinuka na fimbo yake anajikongoja kwenda kuingia. Mimi nilijua kipande kinachofuata ndicho kitamu kuliko vyote, maana nimekitunga mimi. Dijei akaukata wimbo. Akaweka wa redioni. Yule bibi akasimama kidogo katikati ya ukumbi, kisha akarudi kukaa. Kijana simlaumu, alikuwa anaupigia ukuta, angejuaje? Lakini nililia, na nililia kwa hasira, watu wakadhani namlilia bibi harusi.

Siku ile niliapa. Mdogo wangu alikuwa ameshaposwa, harusi yake ikapangwa mwezi wa Mfungo Tatu. Siku hiyo mkono utakaokuwa kwenye muziki utakuwa huu wangu, na nitakuwa ndani, nawaona wanaocheza. Na mdogo wangu ni mmoja tu. Ikinipita hiyo, haiko nyingine.

Mtu pekee niliyeweza kuzungumza naye mambo ya sintesaiza bila kuonekana nimepagawa alikuwa mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa bara, aliyekuja dukani kutoa kopi za wanafunzi wake. Naye hutengeneza midundo chumbani kwake. Nilipomwambia natafuta chombo cha kwanza, hakufikiri hata mara mbili.

“Madam, chukua ile iko na maiki ndani. Unarekodi kitu yoyote, makofi, watu wakiimba, unaipiga saa hiyo hiyo. Nairobi kila mtu anatumia hiyo.”

Nilitazama video za mashine hiyo wiki nzima, na siwezi kuficha, niliitamani. Ilikuwa nzuri. Niliota nimeimezesha sauti ya pembe za harusini na kuirusha vipande vipande. Lakini kila nikiitamani namwona khalati na kapu lake.

“Ina maiki,” nikamwambia mwalimu.

“Si unaizima tu?”

“Nani atajua nimeizima?”

“Wewe si watu wanakuamini?”

“Plasta hubanduka, mwalimu.”

Hakuelewa, ikabidi nimhadithie yote tangu mwanzo, na watu wa kopi wakawa wanangoja kwenye foleni. Alipoelewa aliniambia basi natafuta chombo kijinga makusudi. Nikamwambia ndiyo, hasa. Kisicho na jicho, kisicho na sikio, kisichozungumza na simu ya mtu.

Tena nilikuwa na sharti jingine, na hilo nilijua litanitesa zaidi. Khalati ujanani mwake alikuwa akiongoza vugo, zile nyimbo za harusi ambazo wanawake huimba wakigonga pembe za nyati kwa vijiti. Bado huziimba akipika. Na sauti zake nyingine hazimo kwenye kinanda. Ziko kati ya ufunguo na ufunguo, na kinanda cha kawaida kinamnyoosha kwa nguvu, mpaka mzee wa watu anaonekana hajui kuimba. Nilitaka chombo kitakachokubali kushushwa kidogo, ufunguo mmoja mmoja, kimfuate yeye.

Nikauza bangili yangu. Ilikuwa yangu, sikumwibia mtu. Mama alininunia siku mbili, ya tatu akanipikia mkate wa mofa, tukayamaliza.

Mombasa nilikwenda na kakangu. Dukani, muuzaji alimkaribisha yeye, akamvutia kiti yeye, akamuuliza yeye: “Ni ya mtoto wa shule?”

“Ni yangu,” nikasema. “Na kiti nipe mimi, yeye hapigi.”

Nikaletewa tatu. Ya kwanza haikutaka kufanya lolote mpaka uiunganishe na simu. Niliirudisha kabla haijapata joto mkononi. Ya pili ilikuwa ndiyo ile ya mwalimu, inang'aa, ina tundu dogo la maiki juu kama kipele. Niliishika kidogo. Nikairudisha nayo, na roho iliniuma. Ya tatu ilikuwa ya mtumba, imechubuka ubavu, kifungo kimoja kimepoteza kofia yake. Kakangu aliiona tu akageuza uso.

Nikavaa hedifoni. Muuzaji alisema hajui kama inaweza kushusha ufunguo mmoja peke yake, hakuna mteja aliyewahi kumuuliza. Nikaitafuta njia mwenyewe, huku nikikumbuka maelezo niliyosoma, mpaka nikaipata. Nikaushusha ufunguo wa tatu, kidogo, bado, kidogo tena, huku naimba taratibu ule mstari wa khalati wa kumtoa bibi harusi. Watu wa dukani waligeuka kunitazama. Sikuacha. Kisha nikachomoa hedifoni, sauti ikatoka kwenye spika.

“Dada, hiyo noti imeharibika,” muuzaji akasema. “Ngoja nikupe hii nyingine.”

“Haijaharibika,” nikamwambia. “Ndiyo kwanza imepona. Nifungie hii hii.”

Miezi iliyofuata mtaa ulinisikia. Jirani mmoja alimwambia mama kwamba mwacha asili ni mtumwa, na alihakikisha nipo karibu. Nikamuuliza pembe ya nyati ilizaliwa harusini? Kuna mwanamke siku moja aliokota pembe ya mnyama akaigonga kwa kijiti mbele za watu, wa kwanza kabisa, na mimi nina hakika naye alikuwa na majirani. Mama alinikanyaga mguu.

Siku ya harusi ya mdogo wangu ikafika. Baada ya swala ya alasiri nikasimama mlangoni na chombo changu ndani ya kanga. Khalati akakifunua.

“Jito liko wapi?”

“Halina.”

“Sikio?”

“Halina.”

Akakigeuza chini juu. Kidole chake kikaona tundu ubavuni. “Na hili?”

“Sauti hutoka hapo, khalati. Haiingii.”

“Kulla mtu husema hivyo.”

Nyuma yangu wanawake walikuwa wamejaa mpaka barazani. Mama alitoka ndani, amevaa dhahabu zake zote, akamwambia dada yake amwache mtoto apite, aibu hii ya nini. Khalati akazidi kukigeuza chombo. Nami sikutaka kupitishwa kwa huruma ya mama. Nilikuwa nimekuja tayari: nikatoa bisibisi kwenye mkoba, nikaketi chini pale pale na nguo yangu ya harusi, nikafungua skrubu moja baada ya moja, nikaondoa mfuniko wa chini. Khalati akavaa miwani, akawasha tochi, akainama.

“Hiki nini?” Nikamwambia. “Na hiki?” Nikamwambia. “Na waya huu waenda wapi?” Nikaufuata kwa kidole mpaka mwisho wake. Alitazama kila kipande mpaka akaridhika, na walio nyuma walipolalamika aliwaambia asiye na subira akaolewe kwao.

“Funga,” akasema. Kisha akaniita ndani kwa mkono: “Ndoo, pita.”

Yaliyochezwa mle ndani siyaandiki. Hata hapa kuna khalati mlangoni. Nitasema lililo langu tu. Duara liliposhikana, yule bibi mzee wa mwaka jana aliinuka tena na fimbo yake, na nilimwona, maana nilikuwa ndani na macho yangu. Nikakishika kile kipande, nikakizungusha palepale, nikakirudia na kukirudia, nimeikodolea macho miguu yake, hatua, fimbo, hatua, mpaka akafika na mikono ikafunguka kumpokea. Hapo ndipo nikakiachia. Khalati akauchukua wimbo kutoka kule mlangoni, bila kuliacha kapu, na alipofika kwenye ile sauti yake ya kati nikabonyeza ule ufunguo wangu wa tatu, tukawa pamoja.

Jioni kakangu aliniomba nimwonyeshe video. Nikamwambia hakuna. Jumatatu mwalimu akaja dukani na makaratasi yake, akataka nimtumie hata kipande kidogo. Nikamwambia hakikurekodiwa, wala hakitarekodiwa, na sitakipiga tena kwa namna ile hata nikiombwa. Alisikitika kweli, kwa nia njema kabisa.

“Kazi yote hiyo, madam,” akasema. “Sasa watu watakujuaje?”

Nikapanga kopi zake, nikazibana pini, nikamkabidhi.

“Watu gani, mwalimu?”