Mama Mukwe na Paraboli Yenye Motere

Mwaka ule mama mukwe wangu alikuja kwetu Kalemie kutoka Mpala ili atibiwe macho. Daktari alimwambia apumzike, asishone, asichambue mchele, asisome kitabu cha sala chenye herufi ndogo. Televisheni hakuitaja. Nadhani aliisahau, na mama mukwe hakumkumbusha.

Kwa desturi ya kwetu, mwanaume na mama mukwe wake hawazoeani. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Akitokea uani, mimi najificha nyuma ya jiko. Nikiingia saloni, chumba cha kupokelea wageni, yeye anatoka kwa mlango wa nyuma. Hatusemeshani, kama kuna neno, linapitia kwa mke wangu. Na nyumba yetu ni ndogo. Kuna siku tulizungukana humo ndani kama watoto wanaocheza kujificha, mke wangu akicheka mpaka anashika ukuta.

Katikati ya hali hiyo ndipo ilipofika paraboli, ile sahani ya kunasa setilaiti. Niliinunua Kigoma, ikavuka ziwa juu ya magunia, nikaipokea bandarini kama mgeni. Haikuwa paraboli ya kawaida. Sahani za majirani zangu zilikuwa zimekodolea macho upande mmoja tangu zifungwe. Yangu ilikuwa na motere: unabonyeza telekomande, sahani inageuka yenyewe kutoka setilaiti moja kwenda nyingine. Nilianza kujivuna kabla hata sijafungua katoni.

Fundi wa mtaa wetu alikuwa amesafiri Kabalo, na Jumapili timu yetu ya taifa ilikuwa inacheza. Nikasema, mimi mwalimu wa jografia, nitashindwa na bomba na sahani? Bomba nilikuwa nimeshalisimika karibu na dirisha la saloni, nikalipima kwa uzi wenye jiwe hadi likasimama wima kabisa, kwa maana likiinama hata kidogo, sahani inapogeuka inapotea njia. Jumamosi asubuhi nikafunga motere, nikafunga sahani, nikavuta waya. Kazi iliyobaki ilihitaji watu wawili: mmoja juu ya ngazi anasogeza, mwingine mbele ya televisheni anasema picha imefika au bado.

Mke wangu alikuwa anatoka kwenda mazoezi ya kwaya.

"Mama atakaa mbele ya televisheni," akasema.

"Na picha ikifika, atamwambia nani?"

"Ataambia hewa. Na wewe utajibu hewa." Akajitanda kitenge chake, akaenda zake.

Nikaning'iniza shuka dirishani, maana haikufaa miguu yangu ielee mbele ya macho ya mama mukwe. Kisha nikapanda.

"Kama kuna mutu ndani," nikaambia hewa, "angetazama ile mistari miwili chini ya televisheni. Ikijaa rangi, picha njo inakuja."

Hewa ikajibu: "Mutu wa ndani anaona weusi tu."

Nikasogeza. Weusi. Nikalegeza, nikakaza. Weusi. Kitabu cha maelezo kilisema motere itazame kusini, nami nilikuwa nimeielekeza kusini kwa uaminifu wote. Jua likapanda, bati la nyumba likaanza kunichoma magoti. Kwa sababu huku kwetu setilaiti ziko karibu na utosi, sahani ilikuwa imelala chali ikitazama mbinguni, na jirani akaniita kutoka ng'ambo ya ua:

"Papa, unakinga mvua? Hii ni kiangazi!"

Hapo njo akili ilinijia. Kile kitabu kiliandikwa na watu wa kaskazini ya ikweta. Kwao setilaiti zinasimama upande wa kusini. Sisi wa Kalemie tuko upande wa pili wa mstari, na lazima tutazame kaskazini. Ikweta! Kitu ninachokichora ubaoni kila mwaka, na kuwapigia kelele wanaokisahau. Nikatazama huku na huku kama kuna mwanafunzi wangu barabarani, halafu nikaanza kulegeza skrubu polepole, kama mtu aliyepanga hivyo tangu mwanzo.

Dira ya simu haikunisaidia. Karibu na yale mabati kila nikipiga hatua, kaskazini ilihama. Nikashuka, nikangoja saa sita. Msimu ule jua la mchana linasimama upande wetu wa kaskazini, na kivuli cha bomba kinalala kusini moja kwa moja. Nikaigeuza motere ikipe kivuli mgongo, nikaikaza, nikapanda tena na kuanza kuinua sahani kidogo kidogo, unene wa unywele.

"Mutu wa ndani anaona nini?"

Nikagonga ngazi.

"Mutu wa ndani?"

"Weusi," hewa ikasema, lakini kwa sauti ya mtu aliye mbali na mambo ya weusi.

Nikaendelea kuinua. Mara nikasikia: "Mupige! Mukamate muguu, mujinga wewe!"

"Kuna nini?" nikashtuka.

"Kuku wameingia saloni."

Nikainua kidogo tena. Ndani kukatoka kilio kama cha msibani. "Aaa! Mutu wa juu ameharibu!"

"Ameharibu nini, kama ni weusi?"

"Ulikuwa weusi muzuri," hewa ikasema.

Nikarudisha sahani pale ilipokuwa, nikashuka bila kelele, nikasogeza ncha ya shuka. Najua haikufaa. Kwenye televisheni wanaume wawili wanene waliovaa chupi za kung'aa, mmoja nyekundu, mwingine kijani, walikuwa wanapigana mieleka, na mama mukwe wangu, mama wa misioni ya Mpala, rozari kwenye kiganja, alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti changu, ngumi zimekunjwa, akimsaidia mmoja wao kwa mabega. Kuku hakuwepo hata mmoja. Alikuwa ameelewa mambo haraka kuliko mimi: akisema picha imefika, mutu wa juu atahamia setilaiti nyingine.

Nikapanda ngazi, nikakohoa. "Sasa mutu wa ndani angebonyeza telekomande, pale palipoandikwa mbili, tujaribu motere."

Alichelewa. Nafikiri alingoja raundi iishe. Kisha motere ikanguruma, sahani ikaanza kugeuka kwa madaha, ikasimama.

"Mipira," hewa ikasema, kama mtu aliyekuta nywele ndani ya mboga.

Na kabla sijashangilia, motere ikanguruma tena. Sahani ikarudi kule ilikotoka, ukingo wake ukanipitia sikioni.

"Mutu wa juu aangalie kichwa," hewa ikashauri.

Jumapili mchana mke wangu na mama yake walikaa saloni. Mimi, kwa kuwa desturi ni desturi, nilikaa nje kwenye kigoda, nikitazama mpira wa timu yangu, kwenye televisheni yangu, kupitia dirishani pembeni ya shuka. Nilivumilia. Muda mrefu hakuna aliyefunga. Kisha mchezaji wetu akaangushwa mbele ya goli, refa akaonyesha penalti, nami nikasimama wima. Juu ya kichwa changu nikasikia: nguruuu.

Sahani ilikuwa inageuka.

Sikufikiri. Nilipanda ngazi kwa mruko na kushika ukingo wa sahani kwa mikono miwili. Motere ikagugumia.

"Binti yangu," nikasikia ndani, "hii kitu inagonjwa."

"Hapana mama, ni upepo," mke wangu akasema. Sauti yake ilikuwa inakabwa na kicheko.

"Upepo wenye shati la bluu?"

Shuka ilikuwa imeangushwa na mguu wangu. Alikuwa ananiona mzima.

"Mwambie mume wako," akaendelea, kwa sauti ya kutosha kufika hata bandarini, "wazee walituachia njia. Mukwe akileta mbuzi, haya inaondoka. Anakaa saloni kama watu. Anashika na telekomande."

"Mama anasema ulete mbuzi," mke wangu akaniambia, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Mwambie nitaleta kuku."

"Dume," mama mukwe akasema. "Mwenye ndevu."

"Mpira ukiisha tutazungumza!"

"Basi upepo ubaki juu."

Uwanjani huko, mtu alikuwa anaweka mpira kwenye alama. Nikainama hadi dirishani, nikamtazama machoni, na kumwambia neno langu la kwanza la ana kwa ana tangu nimuoe binti yake:

"Nakubali, mama!"

Alibonyeza mara moja. Nikaachia, sahani ikarudi kwa mwendo wake ule wa bibi harusi, sina la kuifanya. Picha ilipofika, wachezaji wetu walikuwa wamelaliana wakikumbatiana. Goli. Sikuliona, na marudio yalikuwa yamepita.

"Mumeshinda," mama mukwe akasema, "unalilia nini?"

Mbuzi nilimleta wiki iliyofuata, dume, ndevu zake zikikaribia goti. Tulimla sisi watatu na majirani, na mama mukwe akanichagulia paja kwa mkono wake. Telekomande nilikabidhiwa siku ile ile. Kesho yake ikarudi kwake, kwa maelezo kwamba jasho la mikono yangu litaharibu namba. Tulikaa saloni moja jioni nyingi. Nilimfundisha sheria ya kuotea, akasema ni sheria ya watu wenye wivu. Yeye alinifundisha kumtambua mpiganaji wa mieleka anayejifanya ameumia: anajishika mahali pasipopigwa.

Macho yake yalipopona nilimsindikiza bandarini, nimebeba mfuko wake, mke wangu akiwa kazini. Njia nzima tulibishana kwa sauti kuhusu nani kati ya wale wanene wawili ni mwizi wa ushindi, watu wakigeuka kututazama. Tulipofika kwenye boti bado hatujakubaliana. Alipanda, akatafuta mahali kati ya magunia, akanipungia, akapaza sauti juu ya kelele za injini:

"Ni yule wa nyekundu!"

"Ni wa kijani, mama!" nikamjibu, na boti ikaondoka.